Hukumu ya Kadi Nyeusi

Naandika haya kwenye daftari lilelile nililoandikia zile namba, na sina uhakika kama nafanya vizuri. Mbele kuna maneno yangu ya kila siku, nyuma kuna namba, na kuna ukurasa mmoja ambao ningekuwa mtu wa kuchana karatasi ningekuwa nimeshauchana. Nimesoma hadi darasa la saba, kisha kozi ya ufundi redio ambayo sikuimaliza. Mahali nitakapokosea, mnivumilie.

Chumba changu cha gemu kiko Miembeni, hapa Bukoba mjini, nyuma ya duka la vitenge. Wakati ule nilikuwa na runinga mbili, pedi nne, na kompyuta moja kubwa niliyoikusanya mwenyewe kipande kwa kipande. Kompyuta ile ilikuwa na kila kitu isipokuwa kadi ya picha ya maana. Kompyuta isiyo na kadi nzuri itakuandikia barua na itakupigia nyimbo, lakini ukiiwekea gemu la mpira la siku hizi, wachezaji wanakimbia kama wamevaa mabuti kwenye matope. Vijana walikuwa wananiambia wazi, "Refa, hapa tunacheza au tunaangalia kalenda?"

Refa ndilo jina walilonipa, kwa sababu ya kuamua ugomvi wao wa magoli. Nilikuwa nalipenda jina hilo. Nasema hivyo ili ijulikane.

Watu wawili walitaka kuniletea kadi, kila mmoja kwa sharti la kuingia ubia. Wa kwanza ni shemeji yangu, mume wa dada, aliyekuwa amerudi na kadi kutoka Dar es Salaam: nyekundu, feni moja, memori nane. Wa pili ni rafiki yangu wa tangu utoto kule Kanazi. Yake ilikuwa nyeusi, feni mbili, memori sita, na ilikuwa imetoka naye kisiwani, upande wa Muleba, ambako kwa miaka miwili alikuwa na kibanda cha gemu kwenye kambi ya wavuvi.

Huyu rafiki lazima nimweleze kidogo. Baba yake na baba yangu walifanya omukago, ule udugu wa zamani wa kuchanjana na kupeana punje ya kahawa yenye damu. Sisi watoto hatukuchanjana, dini ilishakataza na shule ikacheka, lakini tulilelewa kama ndugu. Kila tulipokutana, alitoa mfukoni kifurushi cha jani la mgomba lililokauka, ndani yake akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, akanipa punje kabla hatujasema neno. "Munywani," ananiita, yaani rafiki, "tafuna kwanza, maneno hayaozi."

Kisiwani hakutaka kubaki. Mama yake amebaki peke yake Kanazi, macho yamefifia, na kibanja, shamba lao la migomba, kinamshinda. Migomba imejaa majani makavu ambayo hakuna wa kuyaondoa. Rafiki yangu aliniambia, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za duka, "Nikipata nafasi hapa kwako nitalala Kanazi kila siku. Asubuhi nampikia mama uji, mchana niko Miembeni. Nisipopata, narudi kisiwani, maana huko ndiko penye wateja." Hakunibembeleza. Aliongea kama mtu anayeeleza ratiba.

Kwa hiyo nilijua kilichokuwa mezani. Siwezi kusema sikujua.

Chumba kisingeweza kulisha watu watatu, hilo nililisema mbele ya wote wawili. Nikasema kadi itakayofanya vizuri zaidi ndiyo itakaa, na mwenye kadi ndiye atakayekuwa mbia wangu. Shemeji akakubali. Rafiki yangu akakubali. Vijana wakafurahi mno. Wakagawanyika pande mbili, wengi upande wa nyekundu, kwa sababu nane ni kubwa kuliko sita.

"Hesabu ya chekechea hiyo," alisema mmoja wao.

"Memori ni kama tumbo," rafiki yangu akamjibu. "Kuwa na tumbo kubwa hakukufanyi ukimbie."

"Na wewe umetoka kisiwani, mnajua kukimbia huko? Si mtaingia majini?"

Tukacheka wote. Hata yeye.

Ila maneno mengine yalinifikia pembeni. Kwenye mashindano yaliyopita niliwahi kumpa rafiki yangu goli ambalo wengine walisema lilikuwa la kuotea. Mimi mpaka leo naamini halikuwa la kuotea, lakini walisema. Sasa wakaanza tena: "Refa atambeba mtu wake. Wale ni ndugu wa kahawa." Na mwingine akasema fundi akitaka anaweza kuifungua kadi bila kuonekana, akaipandisha nguvu, ikakimbia kwa siku moja ya mashindano kisha ikafa.

Maneno hayo yalinikaa. Nikatunga sheria. Kila mmoja alete kadi yake wiki moja kabla, ikae kwangu, isifunguliwe na mtu, na iingie kwenye mashine kama ilivyofika. Nikaazima rangi ya kucha kwa dada, nikatia tone moja juu ya kila skrubu ya kadi zote mbili. Skrubu ikiguswa, rangi inapasuka na kila mtu anaona. Niliona fahari kwa kazi ile. Nilitia kwa unyoya wa kuku ili matone yawe sawa.

Dada yangu aliponiona akasema, "Kaka, unazipamba zinaolewa lini?"

Jumapili baada ya ibada ya pili chumba kilijaa. Nilifunga madirisha nusu, yaleyale kwa kadi zote. Kompyuta ileile, skrini ileile, gemu lilelile, uwanja uleule, mvua ya gemu imewashwa kwa sababu mvua ndiyo inayoichosha kadi. Wachezaji wawili walewale. Pembeni mwa skrini niliweka ile namba inayoonyesha picha ngapi zinapita kwa sekunde moja. Ikiwa sitini na kuendelea, mpira unateleza vizuri. Ikishuka chini ya arobaini, mkono unabonyeza na mchezaji anakuja kuitika baadaye. Nikaamua kuandika namba kila baada ya dakika mbili, kwa dakika ishirini. Ya nani ianze? Nikarusha sarafu. Ikaanza nyekundu.

Nyekundu ilifanya kazi kama mtumishi wa serikali. Sitini na moja, sitini, sitini na mbili, sitini na moja. Dakika ishirini nzima haikupanda, haikushuka. Shemeji alikaa amekunja mikono kifuani, akiitikia kidogo kwa kichwa kila namba.

Tukaizima mashine, tukasubiri ipoe. Nikaingiza nyeusi.

Namba ya kwanza ilikuwa tisini na mbili. Chumba kizima kikaguna. Matone ya mvua kwenye nyasi yalionekana moja moja, jezi zililowa, na kijana aliyekuwa ameshika pedi akasema taratibu, "Sasa huu ndio mpira." Rafiki yangu alitazama chini, na nilimwona akiitabasamia sakafu.

Dakika ya nne, tisini. Ya sita, themanini na nne. Feni zikaanza kulia kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Ya nane, sitini na sita. Ya kumi, arobaini na moja. Ya kumi na mbili, thelathini na nane, na kipa akaganda hewani, mikono juu, mpira umeshapita.

"Anaombea," akasema mmoja. Wakacheka sana.

Rafiki yangu akasogea karibu na mimi. Akaongea kwa Kihaya ili tusikike sisi tu, jambo ambalo baadaye vijana waliligeuza kuwa ushahidi kwamba alikuwa anaomba upendeleo. "Simamisha. Ina joto hiyo. Imetoka kisiwani, unajua kule kulivyo. Nipe bisibisi na mswaki, dakika kumi tu, kisha tuanze upya."

Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, ili wote wasikie. "Sheria ni moja. Kama ilivyofika."

Shemeji, na hili lazima niliandike kwa sababu ni haki yake, alisema, "Mwache aisafishe, shemeji. Mimi sina neno. Hata hii yangu tuisafishe, turudie."

Nikakataa. Nikasema tukianza kurudia leo, tutarudia mpaka Krismasi. Nikasema nyekundu nayo haikusafishwa. Nikasema mtu anayeleta ng'ombe mnadani hapewi nafasi ya kwenda kumlisha kwanza. Watu walipenda maneno hayo, na mimi niliposikia wameyapenda nikayaamini zaidi.

Nikamaliza dakika ishirini zangu. Namba ya mwisho ya nyeusi ilikuwa thelathini na tano. Nikasimama nikasoma safu zote mbili kwenye daftari kwa sauti, nikatangaza nyekundu. Hakuna aliyesema nimempendelea mtu. Mmoja alinipiga begani, akasema, "Refa, leo umenyoosha." Nilijisikia mwepesi, na hilo ndilo linalonikera zaidi ya yote, kwamba nilijisikia mwepesi.

Rafiki yangu alimpa shemeji mkono. Kisha akanitazama, akasema, "Ulinijua miaka yote hiyo, munywani. Nilikuomba mswaki tu."

Kadi hakuichukua. Jumatano yake alirudi kisiwani.

Kama wiki tatu zilipita. Kadi nyeusi ilikaa rafuni, ikiwa na rangi ya kucha kwenye skrubu. Sijui ni nini kilinifanya niifungue. Ningependa kusema ni dhamiri, lakini nadhani ilikuwa mvua; siku ile hapakuwa na mteja na nilikuwa nimeshasafisha pedi zote.

Rangi ilipasuka nilipofungua skrubu nne, nikainua feni. Chini ya feni kuna bati lenye mapezi membamba, kazi yake ni kupitisha upepo ili joto litoke. Sikuyaona mapezi. Niliona kitu kama blanketi la kijivu, kimelala sawasawa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nikakigusa kwa bisibisi kikainuka kipande kizima, kinene kama sponji ya godoro, kikanuka samaki mkavu.

Walikuwa wadudu wa ziwani. Wale wanaopanda kutoka majini kama moshi na kufuata kila penye mwanga. Maelfu kwa maelfu, wamevutwa na feni, wamekaukia pale, mbawa juu ya mbawa.

Niliwatoa kwa mswaki na spiriti, nikajaza kifuniko cha ndoo. Nikafuta grisi ya zamani iliyokauka, nikapaka mpya. Nikairudisha kwenye mashine, nikafunga mlango, nikarudia kila kitu: uwanja uleule, mvua ileile, nikicheza mwenyewe dhidi ya kompyuta. Tisini na mbili. Tisini na moja. Tisini na mbili. Mpaka dakika ya ishirini, tisini na moja, na feni hazikusikika.

Ili nisiwe mwongo nikaisafisha na nyekundu pia, nikaipima. Sitini na tatu.

Nikaandika namba hizo zote. Na nilipokuwa natafuta mahali pa kuziandika nikafunua kurasa za mbele, nikakutana na mwandiko wangu wa mwaka mmoja nyuma, siku niliyomtembelea kisiwani. Nimeandika hivi: "Wadudu wengi. Wameingia kwenye chai, masikioni, kwenye kompyuta yake wanavutwa na feni. Asubuhi anawafagia kwa ufagio na kuwazoa kwa sahani. Anasema kila Jumamosi lazima aifungue mashine, la sivyo inakufa kwa joto. Kazi kubwa."

Ndio ukurasa ninaousema. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, nikaandika kwa mkono wangu. Kila Jumamosi lazima aifungue. Na mimi nikamwambia ailete wiki moja kabla, moja kwa moja kutoka kwenye mtumbwi, nikaifunga kwa rangi ya kucha. Jumamosi yake niliizuia mimi.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningefanya vile kwa mtu nisiyemfahamu. Nadhani mgeni ningempa mswaki. Mgeni asingenitia wasiwasi wa kusemwa. Kile nilichokiita haki, sehemu yake kubwa ilikuwa woga. Labda si yote, sheria yenyewe haikuwa mbaya, mwingine ataiona ya maana. Lakini sehemu kubwa.

Nilimwambia shemeji siku hiyohiyo. Alisoma namba polepole, akarudia safu ya mwisho kwa kidole. "Nilikwambia turudie," alisema. Hakusema kwa ukali. Akafikiri, akasema, "Muite. Tutabanana watatu. Tukishindwa nitatoka mimi, nina shughuli nyingine." Kumbe mtu niliyekuwa namlinda dhidi ya upendeleo wangu hakuwahi kuhitaji kulindwa.

Niliwaambia na vijana pia. Nilitegemea watanisema. Mmoja tu ndiye aliyeuliza, "Kwa hiyo nyeusi ndiyo kali?" Nikasema ndiyo. "Basi iweke tucheze." Wengine walikuwa wameshasahau.

Kabla ya kwenda kisiwani nilipita Kanazi kwa mama yake. Alinitambua kwa sauti. Akanipa kiti, akanipa punje zangu za akamwani, kisha akatoa kifurushi kingine, cha jani jipya, amekifunga kwa kamba ya mgomba kwa vidole vinavyotafuta njia. "Hii yake. Mkitafuna naye mnikumbuke. Mwambie kibanja kinamuulizia." Nikaona migomba nyuma ya nyumba, majani makavu yamening'inia mpaka chini. Nilitaka kumweleza kwamba ni mimi niliyemrudisha mwanawe kisiwani. Nikaona jinsi maneno yatakavyokuwa: kadi, feni, wadudu, rangi ya kucha. Nikaaga, nikaondoka.

Nilimkuta kwenye kibanda chake mchana, anafagia. Wavuvi wawili walikuwa wamelala kwenye benchi wakisubiri sola ijaze betri. Alinisalimia vizuri, akaulizia dada, akaulizia shemeji. Nikampa kifurushi cha mama yake. Alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akakiweka juu ya rafu, nyuma ya spika.

Nikamwonyesha daftari. Alisoma namba za kwanza na za pili. Nikamwonyesha na ule ukurasa wa mbele. Huo aliusoma mara mbili.

"Uliandika," alisema.

"Niliandika."

"Una mwandiko mzuri siku hizi."

Nikatoa kadi kwenye begi, imefungwa kwenye fulana. Nikamweleza maneno ya shemeji, kwamba tuwe watatu. Akaishika, akaigeuza, akapuliza katikati ya mapezi ambayo sasa yalikuwa yanang'aa, kama mtu anayempuliza mtoto machoni.

"Umeisafisha vizuri," alisema. "Irudishe Bukoba. Huku itajaa tena, na mimi hii niliyonayo ndogo inanitosha, wavuvi hawajali mvua ya gemu, mvua wanayo. Watatu chumba hakitoshi. Ulisema mwenyewe, na ulisema kweli."

"Mama je?"

"Mama nitamfuata nikipata mahali. Si lazima iwe kwako."

Kisha akamwita mwenye duka la jirani, akaagiza soda moja. Ikaletwa baridi, na mrija. Akaifungua mwenyewe, akanipa, akakaa upande wa pili wa meza kama anavyokaa mtu aliyetembelewa na afisa. Niliitazama ile rafu. Kifurushi kilikuwa nyuma ya spika, kamba yake haijafunguliwa. Nikainywa soda yote. Ilikuwa tamu na iliniumiza meno.

Kurudi nilipita tena Kanazi. Mama yake alisikia hatua zangu uani, akauliza kabla sijakaa.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta, mama. Mzima."

"Mlitafuna?"

Nilitafuta jibu ambalo lisingekuwa uongo. Nikasema, "Alipokea, mama. Kwa mikono miwili."

Akapapasa ukingo wa mkeka.

"Sikukuuliza kama alipokea," alisema.

Kadi nyeusi sasa iko kwenye mashine Miembeni. Vijana wanaisifu. Kila Jumamosi naifungua, naipiga mswaki, ingawa huku mjini wadudu si wengi na mara nyingi hakuna cha kutoa.